Mjukuu wa Jaji Mkuu katika Mpira wa Vyuo

Mzazi mwenye kijana mwepesi wa miguu ana furaha na mashaka pamoja. Furaha, maana kila mtu humsifu mwanawe: watu wa Kigombe humsifu, watu wa Pangani humsifu, hata mgeni anayengoja basi la kwenda Tanga husimama akamtazama. Mashaka, maana kijana yule yule akitoka shuleni hutupa madaftari kitandani, hula wima, akaenda zake ufukweni maji yakiwa yamepwa, wala harudi mpaka giza. Tena siku hizi ana jibu tayari. Ukimkemea atakuambia, "Baba, mpira ni kazi. Wachezaji wanalipwa."

Ndugu msomaji, kijana huyo hasemi uongo. Lakini hasemi yote. Mpira ni kazi kwa wachache sana, tena kwa miaka michache, tena kwa bei ambayo mwili ndio unaoilipa. Na wengi wa wale waliofanikiwa walipitia mlango ambao kijana wako anaukimbia, yaani mlango wa shule.

Ndiyo maana leo nakuletea habari za mtu mmoja wa ukoo wa Uganda, Mathias Kiwanuka, aliyecheza mpira wa chuo huko Marekani, akapanda mpaka kwenye timu kubwa za kulipwa. Huenda jina la Kiwanuka umekwisha kulisikia. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Habari za babu na mjukuu haziwezi kutenganishwa, nawe utaona kwa nini.

MPIRA WENYEWE NI UPI?

Kwanza yafaa tuelewane. Mpira ninaoutaja hapa si huu wetu wa miguu unaochezwa na Coastal Union na African Sports pale Tanga. Wamarekani wana mpira wao. Umbo lake ni kama papai dogo lililochongoka pande zote mbili. Hubebwa kwa mikono, hutupwa kwa mikono, na mara chache tu hupigwa kwa mguu. Kila upande una watu 11. Wanavaa kofia ngumu kichwani na mabega yao yamefunikwa kwa ngao, maana kugongana ni sehemu ya mchezo.

Uwanja una urefu wa yadi 100 toka mstari wa mwisho mmoja hadi wa pili, yaani mita 91 hivi. Upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10, ambazo ni mita 9 na kidogo. Wakifaulu, hupewa nafasi 4 nyingine. Wakishindwa, mpira ni wa wenzao. Akiufikisha mtu mpaka ng'ambo ya mstari wa mwisho, timu yake hupata pointi 6.

Basi, katika kila timu kazi zimegawanywa kama katika chombo cha uvuvi. Nahodha hafanyi kazi ya mwenye kutupa wavu, na mwenye kutupa wavu hashiki usukani. Yuko mgawaji, ambaye mpira huanzia mikononi mwake. Ama huutupa mbali, ama humpa mwenzake. Yuko mkimbiaji, ambaye hupokea mpira kwa mgawaji, akaukumbatia kifuani, akaingia nao katikati ya kundi la watu wanaotaka kumwangusha. Wako wenye miili mizito wanaosimama mbele kama ukuta ili mkimbiaji apate njia. Upande wa pili wako walinzi, ambao kazi yao ni kumwangusha mkimbiaji, au kumkamata mgawaji kabla hajautupa mpira. Kiwanuka alikuwa mlinzi wa pembeni.

YADI NNE, YADI NNE

Lakini kabla ya kuendelea naye, nikuambie kidogo juu ya mkimbiaji, maana hiyo ndiyo kazi ambayo kila kijana mwenye mbio huitamani. Yuko Mwafrika mmoja aliyeifanya kazi hiyo kuliko wote kwa mwaka mmoja. Jina lake Christian Okoye, mtu wa Enugu, Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1961.

Okoye hakwenda Marekani kwa ajili ya mpira. Alikuwa hodari wa kurusha kisahani, na mwaka 1982 akapata nafasi katika chuo cha Kikristo kiitwacho Azusa Pacific, huko California, kwa ajili ya riadha. Mwaka 1984 alitumaini kwamba nchi yake itamchukua kwenye michezo ya Olimpiki iliyofanyika Los Angeles, karibu kabisa na chuo chake. Hakuchukuliwa. Hapo ndipo alipoingia katika timu ya mpira ya chuo, naye alikuwa na miaka 23 na hajawahi kuucheza mchezo ule hata siku moja.

Fikiri, msomaji. Mtu mzima anaanza kufundishwa namna ya kushika mpira, mbele ya wenzake walioushika tangu utoto. Lakini alikuwa na mwili mkubwa na miguu myepesi, tena hakuona haya kufundishwa. Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ikamchukua. Mwaka 1989 akawa mkimbiaji wa kwanza katika ligi nzima ya kulipwa: alibeba mpira mara 370, akapata yadi 1,480.

Sasa fanya hesabu hiyo pamoja na mtoto wako. Gawanya 1,480 kwa 370. Jibu ni 4. Mtu aliyewashinda wakimbiaji wote wa Marekani mwaka ule, kila alipoubeba mpira alipata, kwa wastani, yadi 4 tu, ambazo hazifiki mita 4. Kisha aliangushwa, akainuka, akaubeba tena. Vijana huona picha ya mtu anayekimbia peke yake uwanja mzima na watu wakishangilia. Lakini maisha ya mkimbiaji ni yadi nne, na kuanguka, na yadi nne tena. Na miaka yake ni michache: Okoye alicheza misimu 6 tu, toka 1987 mpaka 1992, kisha mwili uliojaa majeraha ukakataa.

CHUO KINATAKA NINI KWA MCHEZAJI?

Huko Marekani timu za vyuo zina heshima kubwa. Siku ya Jumamosi, wakati wa msimu, watu elfu makumi hujaa uwanjani kuwatazama wanafunzi wakicheza. Walimu wa mpira huzunguka katika shule za sekondari kutafuta vijana. Wakimwona anayefaa, chuo humlipia ada, chakula, malazi na vitabu. Kwa mtoto wa maskini hiyo si zawadi ndogo.

Lakini kuna sharti. Mchezaji lazima awe mwanafunzi. Kijana asiye na alama za kutosha za sekondari hapokelewi kucheza. Akiisha kupokelewa, lazima aendelee kufaulu masomo yake. Akishindwa, husimamishwa, hata kama ni hodari namna gani. Siku za Kiwanuka sheria ilimruhusu mchezaji misimu 4 katika muda wa miaka 5. Kwa hiyo wengi mwaka wa kwanza hawakucheza kamwe. Walifanya mazoezi, walikula vizuri, walinenepa, walijifunza. Wenzao walisafiri kwenda kucheza, wao wakabaki.

Zamani mchezaji wa chuo alikatazwa kupokea fedha kwa mchezo wake. Tangu mwaka 2021 amepewa ruhusa kupata fedha kwa kutumia jina lake, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Yako mazuri katika jambo hilo, maana vyuo vilikuwa vikipata mali nyingi kwa jasho la vijana. Lakini usidanganyike. Chama cha michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kimekadiria kuwa katika wachezaji 100 wa mpira huo chuoni, hata 2 hawafiki kwenye ligi kubwa ya kulipwa. Wale 98 waliobaki wafanye nini? Wana cheti cha chuo, au hawana kitu.

BABU YAKE BENEDICTO

Sasa turudi kwa akina Kiwanuka, na tuanze na mzee.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Buganda, katika nyumba ya Kikatoliki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari. Vita vilipokwisha, alipata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu. Kila siku alisimama kati ya jaji na mshtakiwa, akigeuza maneno ya huyu kwa yule. Yamkini hapo ndipo alipoona kwamba mtu asiyejua sheria ni kama mtu aliyefungwa macho.

Basi, mwaka 1950, akiwa na miaka 28, alirudi darasani. Alikwenda mbali, Lesotho, nchi iliyoitwa Basutoland siku hizo, katika chuo cha Pius XII kilichofunguliwa na maaskofu Wakatoliki mahali paitwapo Roma. Toka huko akavuka bahari mpaka London kusoma sheria. Mwaka 1956 akawa wakili, naye ana miaka 33. Wenzake wa rika walikuwa wamekwisha kujenga na kutulia. Yeye ndiyo kwanza anaanza.

Lakini tazama alivyokwenda baada ya hapo. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party. Mwaka 1961 chama chake kilishinda uchaguzi, na tarehe 1 Machi 1962 Benedicto Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, nchi ilipopewa kujitawala mambo ya ndani. Hakukaa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi mwingine, akashindwa, na Milton Obote akashika nafasi yake. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia gerezani. Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971, alimfungua, akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kazi hiyo.

Watu wengine hupewa cheo ili wanyamaze. Kiwanuka hakunyamaza. Mwaka 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza mmoja aliyekamatwa na askari bila mashtaka. Jaji Mkuu akaamuru mtu huyo aachiliwe, kama sheria ilivyotaka. Muda mfupi baadaye, tarehe 21 Septemba 1972, watu wa Amin waliingia mahakamani Kampala mchana kweupe, wakamtoa katika ofisi yake. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana mpaka leo.

MJUKUU ALIZALIWA UGENINI

Miaka 10 na nusu hivi baadaye, Machi 1983, Mathias alizaliwa katika mji wa Indianapolis, Marekani, kwa wazazi waliotoka Uganda. Babu hakumwona kamwe. Jina tu ndilo lililomfikia.

Alisoma katika sekondari ya Kikatoliki ya mji ule, Cathedral High School. Huko alicheza mpira. Lakini usifikiri kwamba vyuo vyote vikubwa vilikuja mbio kumgombea. Aliyemchukua ni Boston College, chuo kilichoanzishwa na Mapadre Wajesuiti mwaka 1863. Mathias alifika pale mwaka 2001, kijana mrefu sana ambaye mwili wake ulikuwa bado kukomaa.

Mwaka wa kwanza hakucheza hata mchezo mmoja wa mashindano. Je, mwanao angevumilia? Kijana wetu akiwekwa nje michezo miwili tu, huhama timu. Mathias alikaa mwaka mzima akifanya mazoezi, akijenga mwili, akisoma. Mwaka 2002 akaanza kucheza, na kila msimu akaongeza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ukuta wa wenye miili mizito na kumwangusha mgawaji kabla hajautupa mpira. Kazi hiyo hutaka mbio, nguvu, na zaidi ya yote akili ya kusoma mwenendo wa mtu aliye mbele yako: ameegemea mguu gani, macho yake yanatazama wapi.

Mwaka 2004 alitajwa kuwa mlinzi bora katika kundi la vyuo walivyokuwa wakishindana navyo. Alipomaliza mwaka 2005 alikuwa ameweka hesabu ya kuwaangusha wagawaji ambayo hapana mchezaji wa Boston College aliyekuwa ameifikia kabla yake. Kimo chake kilikuwa karibu mita 2, na uzito wake wa kucheza kilo 120 hivi. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ikamchagua katika kundi la kwanza, akiwa wa 32 katika vijana wote waliochaguliwa nchi nzima.

SIKU ALIYOMWACHIA MTU

Hapa, ndugu msomaji, wengi wanaosimulia habari za wachezaji wangemalizia kwa shangwe. Lakini sikiliza lililompata mwaka ule ule wa kwanza.

Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walicheza na Tennessee Titans mjini Nashville. Walipoingia robo ya mwisho walikuwa wanaongoza kwa 21 kwa 0. Kisha wenzao wakaanza kurudi, mpaka 21 kwa 14. Zilibaki dakika chache. Titans walikuwa katika nafasi yao ya nne na ya mwisho, nao walihitaji yadi 10. Wakishindwa, mchezo umekwisha.

Mgawaji wao, Vince Young, alishika mpira. Kiwanuka akamfikia, akamkumbatia kwa mikono miwili. Mtu amekamatwa! Lakini papo hapo Kiwanuka alidhani kwamba Young amekwisha kuutupa mpira, na sheria inamwadhibu mlinzi anayemwangusha mgawaji aliyekwisha kutupa. Akaogopa kuitia timu yake hasarani. Akamwachia. Kumbe mpira bado alikuwa nao. Young akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, kisha wakashinda kwa 24 kwa 21.

Nchi nzima iliona. Magazeti yaliandika. Alikuwa na miaka 23, na jina alilolibeba halikuwa lake peke yake. Kosa lake, ukilitazama vema, halikuwa la uvivu wala la kiburi. Alitaka kuishika sheria, akakosea kuona. Lakini uwanjani hapana anayeuliza nia yako.

Je, alifanya nini? Alirudi kazini. Msimu uliofuata mwalimu wake alimwambia abadili nafasi, ajifunze ulinzi wa namna nyingine, wa kusimama nyuma ya mstari wa mbele. Alikubali, akawa mwanafunzi tena. Mwaka 2008 mwenzake Osi Umenyiora alipoumia goti, akaambiwa arudi nafasi ya zamani. Akarudi. Timu iliyoaibika kwa kosa lake haikumfukuza. Alicheza nayo misimu 8 mingine baada ya mwaka ule.

MFUPA NA SHINGO

Lakini mwili nao ulidai haki yake. Novemba 2007 alivunjika mfupa wa mguu. Miezi michache baadaye, Februari 2008, wenzake walitwaa ubingwa wa Marekani kwa kuwashinda New England Patriots 17 kwa 14, naye hakuweza kucheza. Mwaka 2010 aliumia shingo, na baada ya michezo 3 tu msimu wake ukawa umekwisha. Shingo, msomaji, si kidole. Mtu aliyeumia shingo katika mchezo wa kugongana hujiuliza kama atatembea, siyo kama atacheza.

Akapona, akarudi mwaka 2011. Na tarehe 5 Februari 2012 Giants walikutana tena na Patriots katika mchezo wa mwisho wa ubingwa. Safari hii Kiwanuka alikuwamo uwanjani. Walishinda 21 kwa 17. Mwaka 2015, akiwa karibu kutimiza miaka 32, timu ikamwacha. Misimu 9 ilikuwa imekwisha. Katika ligi ile hayo ni maisha marefu. Wengi, hasa wakimbiaji, hawafiki hata nusu yake. Lakini katika maisha ya binadamu, mtu wa miaka 32 bado ni kijana, na mbele yake iko miaka mingi ya kulisha watoto.

NENO JUU YA KICHWA

Akina mama, neno hili ni lenu hasa. Zamani mchezaji aliyegongwa kichwa akaona giza aliambiwa anywe maji arudi uwanjani. Leo waganga wanajua hatari yake. Kichwa kinachogongwa mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, hata kama mtu hakuzimia, kinaweza kupata ugonjwa wa ubongo unaojitokeza baadaye: mtu husahau, hukasirika bila sababu, huzama katika huzuni. Mwaka 2017 wataalamu wa Boston walitangaza kwamba walichunguza bongo 111 za marehemu waliocheza katika ligi kubwa, na katika 110 waliukuta ugonjwa huo. Ni kweli kwamba bongo hizo zilitolewa na jamaa ambao wengi walikuwa wameona dalili tayari, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mchezaji anao. Hata hivyo habari hiyo yatosha kumshtua mzazi.

Mpira wetu wa miguu haugongi vichwa kama ule. Lakini vijana hugongana hapa pia, na huanguka chali juu ya mchanga mgumu. Kijana akigongwa kichwa, akaona kizunguzungu, akatapika, au akasema maneno yasiyoeleweka, asirudi kucheza siku hiyo, hata timu yake ikifungwa. Apelekwe zahanati. Na asicheze mpaka mganga amruhusu.

BASI UFANYEJE, MZAZI?

Utaniuliza: "Mimi ni mvuvi, mwenzangu anakata mkonge. Habari za Boston zinanihusu nini?" Swali zuri. Mpira wa Marekani hautakuja Kigombe, wala sikutakii uje. Lakini mlango wa chuo kwa njia ya mchezo umekwisha kufunguliwa na Mtanzania pia. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akapata nafasi katika chuo kikuu cha Connecticut, Marekani, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika vijana wote waliotakiwa na ligi ya kulipwa ya kikapu. Kwa hiyo mambo haya si hadithi.

Kwanza, usimkataze mchezo. Mtoto asiyecheza hukua na uvivu, au hutafuta michezo mibaya gizani. Lakini mwekee sharti lile lile la chuo: asiyefaulu darasani hachezi. Umwambie tangu mwanzo wa muhula, tena ulishike. Mwalimu wa shule na mwalimu wa timu wakiwa na neno moja, kijana hatapata pa kukimbilia.

Pili, mfundishe kungoja. Mathias alikaa mwaka mzima nje. Benedicto alingoja mpaka miaka 33 ndipo akawa wakili. Mtoto aliyeshindwa mtihani mwaka huu hajashindwa maisha.

Tatu, akikosea mbele ya watu, usimwongezee aibu nyumbani. Siku hiyo ndiyo siku ya kumwandalia chakula na kumwambia kesho aende mazoezini. Atapata wa kumcheka huko nje, tena bure.

Nne, ongea naye mapema juu ya siku ile mwili utakapokataa. Mwulize, "Ukimaliza kucheza, utakuwa nani?" Usimwulize kwa hasira. Mwulize mkiwa mnashona nyavu, au mnapalilia, aweze kufikiri. Akikosa jibu leo, mwulize tena mwaka ujao.

Na mwisho, mwambie mtoto habari za wazee wake. Mathias Kiwanuka alilichezea uwanjani jina la mtu aliyeuawa kwa sababu alikataa kupindisha sheria. Wewe nawe una baba, una babu. Pengine hakuwa jaji. Pengine alikuwa nahodha aliyerudi baharini usiku wa dhoruba kuwatafuta wenzake, au kibarua wa mkonge aliyemsomesha mtoto wa marehemu ndugu yake. Kijana anayejua ametoka kwa nani hujiheshimu, awe anashangiliwa au anazomewa.